Waulize Wenyeji: Wakwe wanakuja Arusha siku tatu, niwapeleke wapi na tukale wapi?

Swali

Shikamooni dada na shemeji. Mimi msomaji wenu kutoka Tanga. Mwezi wa saba mume wangu ana semina Arusha pale AICC, ule ukumbi wa mikutano ya kimataifa, basi tumeamua twende wote, yaani mimi, watoto wawili na wakwe zangu wote wawili. Mume atakuwa bize na semina siku tatu kwahiyo kuzungusha wazee ni kazi yangu, na mimi Arusha nimewahi kupita tu na basi nikielekea Babati. Baba mkwe goti linamsumbua hatembei sana, mama mkwe yeye ni mtu wa masoko, mtoto wangu mdogo kila siku ni twiga twiga twiga. Serengeti na Ngorongoro hatuwezi, hela hamna na muda hamna. Sisi ni Waislamu hivyo mkitaja sehemu za kula mtufikirie. Alafu kuna mtu kaniambia Arusha mjini hamna cha kuona, watu wanapita tu kwenda mbugani, ni kweli?

Mama wawili, Tanga

Jibu

Marahaba mdogo wetu, karibuni sana Chuga, yaani Arusha yetu. Kama kawaida ya safu hii naandika mimi mke, mzee kakaa pembeni na chai yake anadakia, na mahali tusipokubaliana tunakuwekea yote mawili uchague mwenyewe.

Huyo aliyekwambia mjini hamna kitu wala hatumlaumu, ndo mji wetu ulivyozoesha watu. Mgeni anashuka KIA au stendi, analala, asubuhi na mapema gari la mbuga linampigia honi, anarudi siku ya nne ana vumbi mpaka kwenye kope, anapanda ndege anaondoka. Mji kauona dirishani. Hata watoto waliozaliwa Kaloleni wapo ambao Azimio la Arusha, lile la siasa ya Ujamaa, wanalisoma shuleni na jengo lenyewe wanalipita kila siku wakienda dukani. Sisi msimamo wetu ni kwamba siku tatu za mjini na pembezoni zinatosha kabisa na zinashiba, ila usikimbize watu, siku moja vitu viwili vitatu basi, na katikati mle vizuri.

Kabla ya yote, jaketi. Nyie watu wa Tanga mmezoea joto la baharini, huku mwezi wa saba asubuhi mtu anaongea moshi unatoka mdomoni. Wazee wavae soksi, watoto kofia, na mama mkwe abebe mtandio mzito sio ule wa harusini. Mlima Meru nao mwezi huo una tabia ya kujifungia mawinguni kutwa nzima, ukiuona wazi asubuhi mwambie mtoto apige picha hapo hapo, usiseme tutapiga jioni.

Siku ya kwanza anzeni karibu na semina. Boma la Wajerumani lipo jirani kabisa na AICC, ni jengo jeupe la tangu 1900, sa hivi ndo Makumbusho ya Elimu Viumbe. Kuna sehemu ya historia ya binadamu, mambo ya Olduvai na Laetoli kulikopatikana mabaki na nyayo za watu wa kale, na kuna picha za wanyama. Sio kubwa, baba mkwe anaweza kumaliza bila goti kulalamika na uani kuna pa kukaa. Na mume akitoka mapumziko ya mchana anaweza kuja kwa miguu mkala pamoja. Mwambieni pia kwamba majengo hayo anayofanyia semina ndo ilikuwa inakaa mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda mpaka ilipofungwa mwisho wa mwaka 2015, maana wengi wanaingia na kutoka pale hawajui.

Alafu chukueni bajaji mpaka Kaloleni, Makumbusho ya Azimio la Arusha. Hapa mzee wangu kasema niandike kwa herufi kubwa ila sitaandika, nasema tu asiikose baba mkwe. Jengo ni dogo, unaweza hata kulidharau ukiwa nje, lakini ndo humo Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa mwishoni mwa Januari 1967 wakakubaliana, na tarehe 5 Februari Azimio likatangazwa, kesho yake tu mabenki yakataifishwa. Sasa kwa mzee wa Tanga Azimio sio kitu cha kitabuni. Ni mkonge ule, maana mashamba mengi yaliingia mikononi mwa serikali mwaka huo huo, na kama baba mkwe au baba yake aliwahi kufanya kazi estet utashangaa atakavyoanza kuongea mbele ya zile picha. Kaa naye, usimharakishe. Watoto wanaweza kuboreka kidogo, wape biskuti watoke nje waangalie ule mnara mkubwa kwenye mzunguko.

(Mzee anadakia: mwambie kitambulisho cha NIDA atembee nacho siku zote tatu, kila mahali bei ya Mtanzania ni tofauti na ya mgeni wa nje.)

Mnara wa saa mtapita tu, picha moja mkaendelea. Watu wanasema hapo ndo katikati ya Cairo na Cape Town, sisi hatujawahi kupima. Hapo kuna maflaikacha, vijana wa kuuza picha za kuchora na safari, kwenu hawatahangaika sana wakisikia Kiswahili cha Tanga, ila wakianza semeni "asante kaka" mwendo ule ule, ukisimama tu umekwisha.

Mchana kuleni mitaa ya nyuma ya Soko Kuu kuelekea msikiti mkubwa, kuna vihoteli vya Waswahili na vya Wasomali, pilau, biriani, wali maharage, chapati zinatoka motomoto na hapo wala huna haja ya kuulizia uhalali. Samaki achaneni nao jamani, nyie mnatoka Tanga mje mle samaki wa barafu Arusha kweli?

Jioni sasa ndo kwa Khan. Hii ni ile sehemu ya mtaa wa Msikiti ambayo mchana ni gereji na mambo ya spea, jioni wanasukuma vya gereji pembeni, wanatoa majiko, viti vya plastiki vinajaa mpaka kwenye lami. Wenyewe ni Waislamu. Kuku anapakwa viungo anapasuliwa katikati anawekwa juu ya makaa, mafuta yakidondoka moshi unapanda wote na upepo wa baridi unakuletea usoni, na hapo hapo jamaa anakupa mishkaki na naan, alafu unaenda mezani kujipakulia kachumbari, kabichi, viazi, na sosi za pilipili za rangi tofauti tofauti. Ile ya kijani usimpe mtoto. Nendeni baada ya swala ya magharibi kabla hapajajaa sana. Hapa mimi na mzee hatuelewani, yeye anasema pamekuwa pa watalii na kwa hela ile ile angekula kuku wawili Ngarenaro, mimi nasema mgeni hajaja Arusha kutafuta kuku wa bei rahisi, kaja kuona watu wanakula kuku gereji usiku na jaketi zao, hilo Tanga hana.

Siku ya pili ndo ya twiga. Usiwaze Serengeti, nenda Hifadhi ya Taifa Arusha. Unatoka kama unaenda Moshi, Usa River unakata kushoto, geti la Ngongongare, na ukishapita geti tu kuna uwanda wa majani wanaouita Serengeti Ndogo, hapo twiga, pundamilia na nyati wapo wanakula, mara nyingi mtoto anaona twiga kabla hajamaliza kufungua dirisha. Ndani ya msitu kuna mbega wale weusi na mkia mweupe mrefu wa manyoya, wanaruka mti kwa mti. Mnapanda mpaka ukingoni mwa kreta ya Ngurdoto mnaangalia chini, kushuka hairuhusiwi, alafu mnaenda maziwa ya Momella kuona heroe, wale ndege wa pinki. Heroe wanategemea na msimu, siku nyingine ni wengi ziwa zima limebadilika rangi, siku nyingine wapo wachache wamesimama kwa mguu mmoja tu. Simba msimuahidi mtoto, huku sio kwao. Uzuri wa hii hifadhi kwa familia yako ni kwamba baba mkwe anaona vyote hivyo akiwa amekaa kwenye gari. Maporomoko ya maji yapo lakini ni mpaka utembee na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati, hiyo waachie wenye magoti.

Mambo ya kiutendaji: kodini gari mjini mapema na mkubaliane na dereva bei ya siku nzima ikiwa na mafuta ndani, sio mnafika getini ndo anaanza "unajua mama mafuta yamepanda". Malipo ya hifadhi ni kwa kontrol namba au kadi, sio kwenda na noti mkononi, mwambie dereva akusaidie kutengeneza kabla. Chakula bebeni. Mayai ya kuchemsha, chapati, ndizi, chai ya chupa, na mkifika sehemu za kupumzikia vioo vya gari vifungwe maana nyani wa pale hawaombi.

Kama siku yenu ya pili itaangukia jumatano au jumamosi basi mama mkwe naye kapata bahati, kwa sababu mkirudi mnapita Tengeru na hizo ndo siku za soko. Yaani tungetaka kuandika safu nzima kuhusu Tengeru tu. Wamama wa Kimeru wamekaa chini kwenye viroba, mbele ndizi mikungu kwa mikungu, mshare wa kupikia upande huu, kisukari na mkono wa tembo upande ule, maparachichi makubwa mpaka unashika kwa mikono miwili, karoti bado zina udongo, ndoo za maharage ya kila rangi, upande wa pili mitumba na viatu, katikati mtu anapita na kuku kichwa chini anasema "njia njia". Bei ya kwanza ni salamu tu, mama mkwe ataijua hiyo lugha mwenyewe hana haja ya kufundishwa. Ila mwambie asinunue mkungu mzima siku hiyo, anunue siku ya kuondoka, au amuulize muuzaji ndizi zinazovumilia safari za kwenda Tanga.

Hapo hapo Tengeru kuna Ziwa Duluti, ziwa la kreta lililozungukwa na msitu. Kuna kiingilio. Kulizunguka lote kwa miguu ni mwendo, baba mkwe abaki ufukweni na gazeti, watoto mnaweza kuwapandisha mtumbwi. Na kama baba mkwe ni mpenda historia, muulizeni dereva awapitishe makaburi ya Wapolandi. Wakati wa vita vya pili vya dunia walikuja wakimbizi karibu elfu tano kutoka Poland wakawekwa kambi Tengeru, wamama na watoto wengi, wakajenga shule na kanisa, vita vilipoisha wengi wakatawanyika wengine wakafia hapa. Pametunzwa vizuri pale, pana ukuta na miti. Mimi nilikaa miaka naishi Kijenge nikijua hayo makaburi kwa kusikia, ni mzee ndo alinipeleka.

Chakula cha njia hii ni ndizi. Mtori wa asubuhi, ule wa ndizi zilizopondwa na nyama ya mfupa, baba mkwe atapenda maana hauna kutafuna. Mchana machalari, ndizi nyama ya rojo. Na mkikuta mtu anauza loshoro jaribuni, ni mahindi yaliyokobolewa yakapikwa yakachanganywa na maziwa mgando, chakula cha Waarusha na Wameru. Watu wa pwani kijiko cha kwanza mnakunja sura, mnategemea sukari mnakutana na uchachu. Kijiko cha tatu mnanyamaza. Mama mkwe wangu mwenyewe ni mtu wa pwani na ndivyo alivyofanya, sa hivi akija anaulizia kabla hata ya kuuliza wajukuu.

Siku ya tatu mzee kadai kalamu, kasema hii ni yake.

Mimi ndo mzee. Siku ya tatu ni nyama, shemeji, na nyama ni Kwa Mrombo, Muriet huko. Utaratibu wake ndo huu, usiende ukakaa mezani ukasubiri menyu. Unaenda buchani, nyama imening'inia, unachagua mwenyewe mbuzi au ng'ombe, paja, mbavu, unamuonyesha kwa kidole "nikatie hapo", anapima kilo mbele yako, unalipa, anampa mchomaji, mchomaji anakuuliza laini au kavu, na wewe sasa ndo unaenda kukaa. Hapo ni kama saa nzima, oda ndizi za kuchoma na ugali, kunyweni soda, pigeni stori. Nyama inakuja kwenye ubao, anaikatia hapo hapo mezani, chumvi pembeni, pilipili pembeni, kachumbari. Hamna viungo vya ajabu. Nyama yenye viungo vingi mimi huwa naitilia mashaka inaficha nini. Kwa upande wa dini, ng'ombe na mbuzi kwa kawaida anachinja Muislamu, lakini uliza pale pale buchani bila aibu na uulize kama wanachoma kitimoto jiko hilo hilo, Arusha hilo swali ni la kawaida na wenye kuheshimu biashara yao watakujibu vizuri. Ukiona anazunguka zunguka, hamia bucha la jirani, yapo yamepangana.

Mke tena. Ni kweli nyama ni nzuri sibishi. Ila nendeni mchana siku ya kazi, sio wikiendi usiku, miziki inapigwa kila baa na wake, vumbi, magari, wazee watachoka kabla nyama haijaiva.

Kabla ya nyama, asubuhi hiyo, tunashauri Kalcha Heriteji (sisi tunaita hivyo hivyo), barabara ya kwenda Dodoma. Majengo yenyewe ni kitu cha kuona, yamechorwa kwa umbo la ngoma, ngao na mkuki, ndani kuna vinyago vya mpingo, milango ya Zanzibar, picha za kuchora, na ile galari kubwa unapanda kwa njia ya mteremko inayozunguka sio ngazi, kwahiyo goti salama. Kuangalia ni bure. Kununua ni bei za watalii, angalieni tu, alafu mashuka ya Kimasai na shanga nunueni Soko Kuu.

Mimi na mzee bado tunabishana kama tungekuongezea shamba la kahawa. Yeye anasema ndio, mimi nasema umebeba wazee wawili na watoto wawili na mume yupo semina, pumzika.

Swali

Wakuu habari zenu. Mimi chalii wa Singida nipo Arusha field miezi mitatu, kuna binti nimefahamiana nae ni mwenyeji wa hapa hapa. Nataka nimtoe out jumapili lakini mfuko sio mzuri kabisa. Yeye mji anaujua kuliko mimi, sasa nitampeleka wapi asione mshamba?

Mfuko Mwepesi, Sakina

Jibu

Mdogo wetu, kosa ni kutaka kumuonyesha mji mtu aliyezaliwa humo. Mwambie yeye ndo akuonyeshe. Mzee wangu alivyotoka Kondoa akaja kunitongoza alisema hivyo hivyo, "mimi mgeni, nitembeze", ujanja mtupu, nikamtembeza kutwa nzima na nauli nililipa mimi.

Ila kama unataka pendekezo, pandeni kifodi (daladala) mpaka Tengeru, mtembee mpaka Duluti, kiingilio cha Mtanzania hakikuvunji mgongo, mkae kivulini mpige stori. Mrudi jioni mjini mle mishkaki ya barabarani na zege, usimpeleke kwa Khan kama hela ni ya mawazo maana akiongeza kuku wa pili utaanza kutokwa jasho na hii baridi. Na toyo (bodaboda) ya kumrudisha kwao weka hela yake pembeni kabla hujatoka nyumbani.

Swali

Naomba kujua, naweza kupanda Mlima Meru kwa siku moja nikarudi? Nina mazoezi, nakimbia.

Mkimbiaji, Dodoma

Jibu

Hapana kaka. Huo ni mlima wa mita 4,566, wa pili kwa urefu nchini, na watu wanaupanda siku tatu mpaka nne. Unaanzia geti la Momella, unalala Miriakamba, kesho yake unalala Saddle kwenye mita 3,500 hivi, alfajiri sana ndo unaenda kileleni, kinaitwa Kilele cha Ujamaa. Na hupandi peke yako, ni lazima uende na askari mwenye silaha kwa sababu huko chini ni kwa nyati na tembo, na hao mazoezi yako hawayajui. Mzee anasema kama una siku moja tu na miguu inawasha, nenda hifadhi hiyo hiyo uombe matembezi ya miguu na askari mpaka maporomoko ya Tululusia, unatoka asubuhi, mchana umesharudi, alafu jioni uje Kijenge tukuonyeshe pa kula mtori.